Na Shosho Walienda Wapi?

Watu huniuliza mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi anatafuta nini kwenye Kiebrania cha kale. Huwa nawajibu kwamba nilichoshwa na maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Darasa letu lilikutana Jumamosi katika chumba nyuma ya kanisa moja mjini Nyeri: wachungaji watatu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mimi, ambaye mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza nikiwa nimeshavuka arobaini. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Pwani. Julai nzima alifundisha akiwa amevaa makoti mawili.

Siku moja alitugawia nakala ya ukurasa wa nasaba, fulani akamzaa fulani, na jina moja alikuwa amelifunika kwa wino mweupe. Alituambia kwamba ngozi zilizoandikwa zamani hutoboka, na anayezisoma hujaza pengo kwa kuchunguza kilichobaki: kichwa cha herufi kinachochungulia, upana wa nafasi, mwendo wa mstari. Tukainama. Tulimaliza upesi mno, tukaketi tukijivuna kama watu waliopewa mtihani wa darasa la tatu.

Alipokusanya karatasi, alikuta sote tumeandika jina lile lile, na lilikuwa si lenyewe. Tulikuwa tumepanda mistari miwili juu, tukamchukua babu, tukamtia kwenye pengo.

"Mbona babu?" akauliza.

"Sasa mwalimu, utaweka nani ingine?" akasema mwenye duka. "Si huyo ni kijana ya kwanza? Lazima aitwe babu yake."

Kwetu hilo halina mjadala. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba wa baba yake, msichana wa kwanza la mama wa baba yake, na wa pili ndipo upande wa mama hukumbukwa. Mzee akipewa mjukuu mwenye jina lake, tunasema amezaliwa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Nyinyi watu wa mlimani mmewasahihisha waandishi wa kale!" alisema. "Kichwa cha herufi kipo hapo, hakuna hata mmoja aliyekitazama. Someni kilichopo, msisome mlichozoea."

Kisha akatueleza kwamba katika masimulizi yale ya zamani sana, mara nyingi mama ndiye humpa mtoto jina papo hapo, na sababu yake huandikwa: kwa kuwa alilia, kwa kuwa alicheka, kwa kuwa aliomba akasikiwa. Kurithi jina la babu kulikuja kuzoeleka kwao baadaye.

Kesho yake, baada ya ibada, niliisimulia hadithi hiyo kwa mama mkwe wangu huko Tetu, tukiwa jikoni tunaambua maharagwe. Mama yangu mzazi alikuwepo. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Murang'a na mkungu wa ndizi, maana mkono mtupu haulambwi. Mama mkwe alicheka akashika mbavu. Yeye ana wana wanne, na watatu walikuwa wameshamzaa. Akiita jina lake mwenyewe uani, wasichana watatu huitika, na mmoja hukimbia kujificha akidhani ametumwa maji.

Mama yangu naye alicheka, lakini alinyamaza kabla yetu.

"Ati mama anaita tu mtoto vile anasikia?" akauliza. "Na shosho walienda wapi?"

Nilipekua kichwani nasaba zote nilizosoma, na ni kweli, shosho, yaani nyanya wa ukoo, ni wachache mno mle. Lakini nilijua vizuri swali lilikotoka. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Daktari alishaniambia kwa upole kwamba huyu niliyembeba huenda ndiye wa kwanza na wa mwisho. Akiwa msichana, jina lilikuwa la mama mkwe; akiwa mvulana, la baba mkwe. Mama yangu asingezaliwa. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe aliendelea kuambua maharagwe kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Msichana alizaliwa Oktoba, asubuhi ya mvua, analia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Mama yangu alikuwa kando ya kitanda tangu alfajiri. Saa nne akaingia mama mkwe na chupa ya uji, gumboti zimejaa matope. Alimchukua mtoto, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kabichi sokoni.

"Huyu si mimi," akasema.

Nilidhani ameona kasoro.

"Mimi niko na watatu nyumbani, na wote ni wakaidi," akaendelea. "Nimezaliwa mpaka nimechoka. Nimeshaongea na kijana yangu, amekubali." Akamgeukia mama yangu. "Mkwe, shika mtoto. Huyu ni wewe."

Kuna watu hutoa walichobakiza. Huyu alitoa kilichokuwa haki yake, na hakuna mwingine ambaye angeweza kukitoa bila kuzua ugomvi wa miaka. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mama yangu alimpokea mtoto. Akamtazama, machozi yanamtiririka.

"Ati huyu ni mimi? Na hii pua ya baba mkwe wako nimetoa wapi?"

Tulicheka sote, mimi nikishika tumbo kwa maumivu. Alipotulia aliniomba nimwandikie jina lake kwa zile herufi ninazosomea Nyeri. Nililiandika mgongoni mwa kadi ya kliniki, kuanzia kulia kwenda kushoto. Aliifuata kalamu yangu kwa kidole.

"Hawa watu wanaanzia mwisho," akasema.

"Kwao ndio mwanzo, mama."

Akamvuta mtoto karibu na kifua chake, akamfunika miguu.

"Basi ni sawa," akasema. "Hata mimi naanza."