Kreti la Begani

Wiki iliyopita nilikwenda Makutupora kununua zabibu, kwenye shamba lililobinafsishwa juzijuzi, nikakuta vibarua wanalipwa. Mama mmoja alisimama mbele ya msimamizi, ngata ya kanga ingali kichwani.

"Baba, mbona wanaume mmewapa zaidi? Makreti tumebeba wote."

"Wale ni wabebaji, mama. Nyie ni wachumaji."

"Kwa hiyo makreti yetu yalitembea yenyewe mpaka kwenye lori hapa barabarani?"

Foleni ikaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka, kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayeamini anachosema.

"Mwanaume anabeba begani, anaumia. Wewe unaweka kichwani, unapiga soga njia nzima. Hiyo si kazi, mmezoea tangu utoto."

Mama akavua ngata. Akainua kreti lililojaa, akaliweka begani, akalizunguka lori akiyumba huku wanaume wakimpisha.

"Haya, sasa mimi ni nani?"

"Shusha, mama, utaumia."

"Nikiumia ndiyo mtanilipa?"

Msimamizi alikuna kidevu, akamtazama, akatazama kreti. Halafu akaita, "Anayefuata!"

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu kipi kizito zaidi, kilo ya pamba au kilo ya mawe. Wengi hukosea, nami huwaelekeza polepole mpaka waelewe. Yule msimamizi sijui ningemwanzia wapi. Nilirudi mjini na zabibu zangu, nisielewe zilifikaje barabarani ikiwa wanawake hawakuzibeba.