Oili Nyekundu Juu ya Shimo la Ndizi

Juzi nilipita Kasulu mjini nikitaka kubadilisha oili ya giaboksi. Kijana wa gereji akaniambia, tena kwa huruma, kwamba gari la automatiki oili hiyo haibadilishwi, ni ya maisha. Nilicheka mpaka akadhani namdharau. Simdharau, ila kuna watu wa kuambiwa maneno hayo na mimi simo. Mimi nimekulia Makere, kwenye nyumba ambayo kazi hiyo ilifanyika uani, na aliyekuwa chini ya gari ni mama yangu mzazi, kitenge amekikaza kiunoni, soksi kuukuu za baba amezivaa mikononi. Wacha nikusimulie, maana mama kama huyo si wa kumfaidi peke yangu.

Gari lile baba alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa sababu lilikuwa bei rahisi. Hakulipenda. Kwake gari lisilo na klachi lilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Aliyelipenda ni mama. Alikuwa akiuza mawese, anayafuata mabondeni kuelekea ziwani na kuyaleta Kasulu na Kibondo, na miaka yote alikuwa akiyapakia kwenye magari ya watu huku akigombana na makondakta juu ya madumu yanayovuja. Gari halina klachi, basi akajifunza upesi, akizunguka uwanja wa kanisa baada ya ibada, waumini wamejipanga wanamtazama. Mvua za mwaka ule hazijakatika, tayari anakwenda Kibondo na kurudi peke yake. Wanawake wenzake wakaanza kumwita dereva, naye anaitika bila haya. Mimi shuleni nilitembea kifua mbele, usinione hivi.

Basi gia zikaanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari limetulia tu. Kwenye mwinuko ndiyo usiseme. Mafundi wakaliangalia, wakasema giaboksi imekufa. Baba akapata mnunuzi wa Kibondo na mpango wake ukawa kuongeza kidogo, anunue pikapu ya gia za kawaida ambayo angeiendesha yeye. Hakuwa na ubaya. Alisema mama sasa atapumzika. Mama hakutaka kupumzika hata kidogo. Alijua, na sote nyumbani tulijua, kwamba gari likiondoka yeye anarudi kwa makondakta. Siku ile aliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Aliyemfungua moyo ni jirani yetu, mzee wa Kikongo aliyekuwa dereva wa malori kwao kabla ya vita. Alikuja kununua mawese, akamkuta mama amenuna, akauliza kulikoni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akanusa.

"Bwate haiyakufa, mama," alisema. "Mafuta yake tu ndiyo imechoka."

Bwate kwake ilikuwa giaboksi. Akamweleza kazi inavyofanywa, hatua kwa hatua, wala hakumdanganya: kama vitu vya ndani vimelika, oili mpya inaweza kuimaliza kabisa. Mama akamwomba baba ampe mpaka Jumamosi, siku ya mnunuzi. Baba akakubali. Gari likipanda mlima wa kuingilia Kasulu bila kuteleza, watazungumza.

Sasa utaingiaje chini ya gari huku limesimama sawasawa? Gereji ina shimo lake, na sisi tulikuwa na la bibi. Bibi, mzaa baba, alikuwa akiivisha ndizi ardhini kama walivyofanya kwao Burundi, shimo refu limetandikwa majani ya migomba. Mama akazihamisha ndizi zote, akaliweka gari juu ya shimo, akashuka. Bibi alinung'unika kwa Kirundi tangu asubuhi mpaka tunakula.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa spana na kuangalia rangi. Nati ya chini ilipoachia, oili ilitoka nyeusi tititi, ikinuka kama maharage yaliyoungua, na harufu ile ikachanganyika na ya ndizi mbivu. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi mbivu natafuta spana. Mama akaipima iliyotoka kwa chupa zake za mawese, hakuipima kwa macho, akarudisha nati na kumimina mpya kiasi kilekile kupitia tundu la kijiti, kwa mpira na faneli. Nyekundu, inang'aa! Kisha akakaa kwenye usukani, akakanyaga breki, akapitisha gia moja moja, kila moja akiipa muda. Mimi nikapima oili kwa kijiti, injini ikiwa inaunguruma. Nilijiona mtu muhimu kuliko mwalimu mkuu.

Oili mpya iliyobaki, nyekundu kama mawese yenyewe, aliiweka kwenye dumu la mawese, hapo ndipo alipotaka kutuua. Kwetu asubuhi ni baridi, mawese yanaganda hadi uyaanike juani ndipo yamiminike. Bibi akalitikisa dumu, akasikia linacheza. Akaita watu waje waone mawese yasiyoganda, akamsifu mkwewe kwamba safari hii amejua kununua. Kitunguu kilikuwa tayari kwenye sufuria. Mama alitoka ndani mbio, akampokonya. Bibi akasema anayetia sumu kwenye dumu la chakula asimlaumu mpishi, na kwa hilo nilikuwa upande wake.

Ajabu, gari likawa bado linateleza. Baba akatabasamu kidogo, akaanza kutafuta kadi ya gari. Mama akamwambia atulie. Jirani alikuwa amemwambia kwamba si oili yote inayotoka mara moja, nyingine inajificha ndani, na yeye kwenye mawese alishajua uchafu hauondoki kwa kuchemsha mara moja. Akaliendesha hadi shuleni na kurudi, akamwaga, akajaza. Kesho yake tena. Kila alichomwaga alikitia kidogo kwenye chupa nyeupe na kuipanga juu ya ukuta: ya kwanza nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu inaanza kuwa nyekundu. Majirani walikuja kuziona.

Jumamosi tukaondoka, baba mbele na mama, mimi na bibi nyuma na madumu. Pale mlimani nilishika kiti kwa mikono miwili. Mama akakanyaga mafuta taratibu. Gia ikaingia. Ikaingia nyingine, laini, hata dumu halikutikisika, na gari likapanda, likapanda, hadi tukaiona Kasulu. Simu ya baba ikalia, mnunuzi ameshafika mjini anatusubiri. Baba alimtazama mama kwa muda kabla hajaipokea.

"Gari haliuzwi, ndugu yangu," alisema. "Lina mwenyewe."

Mama alipiga honi, barabara nzima haina hata mbuzi.

Leo barabara ile ina lami na mlima wenyewe haunitishi. Gari lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Shimo limefukiwa, ndizi mbivu tunanunua sokoni, na bibi hayupo wa kuzinung'unikia. Mzee wa Kikongo alirudi kwao, sijui kama yu hai. Mama magoti yamechoka, gari lolote sasa anapanda kama abiria. Baba naye ametangulia. Ila kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu: tangu siku ile mpaka tunamzika, hakuwahi kukalia kiti cha dereva mama akiwepo.