Pazia Letu la Ziwani

Juzi binti yangu alinichungulisha kwenye hadubini ya shuleni kwao, akanionyesha seli ndefu ya mzizi wa kitunguu ikigawanyika. “Huwa inajikata pale pafupi, Mama, halafu kila nusu inakua.” Nikasikia tena nyundo ya baba na harufu ya stovu ya mafuta ya taa.

Tulikuwa na chumba kimoja katika mtaa wa Ziwani, na mama alikuwa karibu kujifungua. Alasiri moja baba alipigilia waya wa pazia la kukigawa chumba. Nililia nikitaka lipite kwa urefu, ili nami nipate kipande cha dirisha.

“Kitambaa hakifiki, Mwende. Hapa pafupi kinatosha.”

Upande wangu ukabaki kama kabati. Mama akacheka: “Nyumba imezaa. Na vitoto hukua.”

Nilimwamini. Kila nilipotoka shule niliupima ukuta wangu kwa mkono, nikingoja ukue: shibiri kumi na mbili. Mdogo wangu alipoanza kutembea, zikawa kumi na moja. Nikamkimbilia mama nikilia kwamba chumba kinapungua.

Akaupanua mkono wangu juu ya wake, taratibu.

“Si chumba, Mwende. Hebu tazama vidole hivi.”