Simama, Amkia, Ndiyo Ukimbie

Kwetu Mkata, wilayani Handeni, ukimwona mtu anakimbia, ujue moja kati ya mawili: ama kuna msiba, ama basi limepunguza mwendo na yeye ana beseni la mahindi ya kuchemsha kichwani. Sababu ya tatu hatuna. Ndiyo maana binti yangu alipoanza kukimbia asubuhi kwenye njia ya vumbi iendayo mashambani, wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikiwajibu majirani jambo moja tu: hapana, hakuna aliyekufa.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeleta habari za mbio nyumbani. Nilikaa Kenya miaka minne, huko nyanda za juu za Bonde la Ufa, nikitengeneza milango na madirisha katika karakana ya mzee mmoja mcheshi. Kila asubuhi, kabla sijashika randa, walipita wakimbiaji, makundi kwa makundi, wasichana kwa wavulana. Wazee waliokuwa wakipeleka maziwa waliwapisha, wakasogea kwenye majani na madumu yao. Wengine waliwapigia kelele waongeze mwendo. Hakuna aliyengoja salamu.

Siku moja msichana alipita katikati ya wazee wawili bila hata kugeuza shingo. Nikasonya. Mwenye karakana akanisikia.

"Huyo ako kazini, bwana," akasema. "Wewe ukiwa kwa msumeno nikusalimie, utaachilia mbao ianguke?"

Akaniuliza, "Sasa nyinyi kwenu mnakimbia nini?"

"Kwetu tunakimbia mvua," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini, na maneno hayo akawasimulia wateja wote mwezi mzima. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeona aibu kidogo.

Mpira nao wanaupenda, msinielewe vibaya. Nimewaona wakitaka kupigana hotelini kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hawatakaa wazione. Ila kwao mpira ni wa kutazama, mbio ndizo za kufanya. Mama muuza mboga alikuwa akijua mtoto wa jirani amepunguza sekunde ngapi tangu Krismasi. Kwetu sisi mpira si wa kutazama wala si wa kufanya, ni ukoo. Nimezaliwa upande wa wekundu kama nilivyozaliwa Mzigua, sikuulizwa. Mke wangu, Mshambaa wa Vugiri, ni wa kijani, na siku timu hizo mbili za Dar zinapokutana chakula nyumbani kwangu huwa kinapikwa kwa chumvi ya hasira. Kuna mwenye duka Mkata ambaye hafungi kwa mvua wala kwa msiba, lakini siku hiyo anafunga. Tunajua mshambuliaji gani anaumwa goti lipi. Muulize mtu msichana gani alishinda mbio za shule mwaka jana, atakutazama kama umemuuliza bei ya theluji.

Binti yangu alilelewa na bibi yake Vugiri mpaka alipofika miaka kumi. Kule kwenda shule ni mlima na kurudi ni mlima. Aliposhuka kuja kukaa nasi, tambarare ya Mkata kwake ilikuwa mapumziko. Akiwa kidato cha kwanza aliwazunguka wenzake raundi nzima uwanjani, na mimi, niliyeyaona ya Kenya, moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikamnunulia raba. Jioni nikawa namsimulia.

"Na wazee wanawapisha?" akaniuliza.

"Wanawapisha."

"Hawawaamkii?"

"Hawawaamkii."

Alicheka akashika ukuta asianguke.

Haikupita miezi miwili akaja kwangu mzee aliyenifundisha juzuu nikiwa mdogo. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akakaa, chai hakuigusa. Nikajua kuna neno.

"Binti yako amenipita," akasema. "Amenipita kama mti."

Nikamweleza yote: Kenya, mazoezi, wazee wenye madumu ya maziwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kenya ni Kenya, mwanangu," akasema. "Hapa mtoto asiyeona watu, siku yake ya shida ataonwa na nani?"

Ningemjibu nini? Mzee yule ndiye atakayeniosha nikifa. Nilimwita binti yangu mbele yake, nikamwambia: "Ukimkuta mtu mzima njiani, simama, amkia, ndiyo ukimbie."

"Kila mtu mzima, baba?"

"Kila mtu mzima."

Akatii. Nilikuwa nikisimama mlangoni asubuhi nikimtazama: anakimbia, anasimama, anapiga goti, shikamoo; marahaba, mama hajambo, baba hajambo; anakimbia tena. Mkata nzima ikamsifu. Nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimepata dawa, miguu ya Kenya na adabu ya Handeni katika mtoto mmoja. Nilikuwa mjinga, na sikuwa na wa kuniambia.

Alipofika kidato cha pili likaja tangazo. Shule moja ya bweni ya mkoa mwingine, yenye kambi ya riadha na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, ingechukua wasichana watatu wa kwanza katika mbio za kilometa tano zitakazofanyika Korogwe. Watatu, basi. Shuleni kwake mchezo wa wasichana ulikuwa netiboli, na mwalimu wa michezo alikuwa na filimbi, mipira miwili na mambo yake mengine. Binti yangu alilikunja lile tangazo akaliweka chini ya godoro. Mama yake aliliona alipotandika, akalirudisha palepale. Hatukulizungumza, lakini nyumba nzima ilikuwa ikilala juu ya karatasi ile.

Siku yenyewe mke wangu alisimama uwanjani, kwenye utepe, na maji na kanga. Mimi nilipewa kazi ya mama mkwe, aliyekuwa ameteremka kutoka Vugiri kwa pikipiki kuja kumwona mjukuu wake. Uwanjani palikuwa na vurugu, maana mbio zilicheleweshwa ili timu za mpira zipigwe picha kwanza. Nikaona nimtafutie mama mahali patulivu. Nikamweka kwenye kalavati, kando ya barabara, kama nusu kilometa kabla ya mwisho. Pale ndipo mtoto angechoka, nikawaza, na akimwona bibi yake atapata nguvu. Nilijipalia makaa kwa mikono yangu miwili.

Lazima niseme kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Tunaheshimiana hadi inachosha. Simtazami usoni, simpigii kelele, simgusi, na jambo lolote refu namwambia kwa kupitia mke wangu. Hivyo ndivyo nilivyokuta, na hivyo ndivyo ninavyotaka mkwe wangu wa kesho anifanyie. Kwa hiyo tulisimama kwenye kalavati hatua kadhaa zikiwa kati yetu, tukitazama barabara.

Akatokea kwenye kona. Peke yake! Nyuma yake hapakuwa na mtu, kisha wakaonekana watatu, mbali. Machozi yalinitoka, nasema kweli. Nilimkumbuka yule mzee wa karakana, nikataka awepo aone Mtanzania anayekimbia bila mvua.

Mama mkwe naye akamwona. Akasogea barabarani, akainua mikono.

"Mwanangu! Onga makeo!"

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kishambaa, na salamu ya Kishambaa haikatiki upesi. Nilimwona binti yangu anasitasita. Alinitazama mimi. Nilitaka kumwambia pita, kimbia, huyu ni bibi yako atakusamehe. Lakini ningelisemaje hilo mbele ya mama mkwe, kwa sauti, kwamba asiamkiwe? Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kikohozi.

Akasimama. Akapiga goti. Bibi akamshika mikono yote miwili, akauliza habari za asubuhi, za mwili, za shule, mbona amekonda, wamempa chakula? Binti alijibu moja baada ya jingine huku kifua kikipanda na kushuka. "Mama," nikasema chinichini, nikitazama viatu vyangu, "mashindano..." Mama mkwe akainua kiganja kidogo bila kunigeukia, kama mtu anavyomtuliza mtoto anayedakia maneno ya wakubwa. Mkono ule ningeweza kuushusha. Sikuushusha. Msichana wa kwanza akatupita. Wa pili akapita. Wa tatu alipita karibu hata nikasikia pumzi zake.

"Haya, nenda, mwanangu," akasema bibi.

Alikimbia. Sijawahi kuona mtu akikimbia vile, hata huko Kenya. Mita mia tano hazikumtosha, akawa wa nne, na mke wangu aliniambia kwamba kati yake na wa tatu ungeweza kutandaza mkeka mmoja tu.

Kule kwenye kalavati mama mkwe alikuwa bado anatazama barabara. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanisemesha moja kwa moja.

"Wale watoto watatu," akasema kwa huzuni, "wamenipita hivi hivi. Hawana wazazi?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Jioni tulipokuwa tukirudi Mkata nilijaribu kumwomba binti yangu radhi. Alinisikiliza, kisha akaniambia bila hasira yoyote, na laiti angekuwa na hasira: "Baba, si ulisema kila mtu mzima?"

Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Raba zake ziko juu ya kabati. Nimemwambia mwakani wale wa shule ya bweni watakuja tena, ingawa sijui kama watakuja, naye anaitika tu, "Ndiyo, baba." Asubuhi anakwenda shule kwa miguu, taratibu, na kila anayemkuta anamwamkia.

Juzi nilikutana na yule mzee wangu akitoka msikitini. Alinishika bega.

"Binti yako siku hizi ametulia," akasema. "Umelea."

Nikainama nikamshukuru.