Mkeka Nilioutandika Kivinje

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomtandikia mama mkwe wangu mkeka kivulini, nikamkaribisha, naye asikae. Miaka mingi imepita tangu hapo, na bado nikiikumbuka mwili hunisisimka.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Mimi kijana, kwetu Tabora, karani katika maghala ya Kurasini. Tulipanga vyumba viwili Temeke, mimi na mke wangu Salma, pamoja na mama yake, Bi Mwanahawa, mjane kutoka kusini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa barazani akisuka ukili tangu asubuhi, hata majirani wakasahau kwamba yupo. Nilimpenda, sisemi uongo. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, kumjua ni jambo jingine.

Mwaka huo nikapewa likizo ya wiki mbili. Nikasema safari hii hatukai Temeke kutazama kuta. Twende mji wa kale, tutembee, tupunge upepo. Miji iliyokuwa kichwani mwangu ni miwili, Bagamoyo na Kilwa Kivinje. Salma alitaka Bagamoyo, maana ni karibu, unapanda basi asubuhi na mchana umeshafika. Mimi nikang'ang'ania Kivinje. Nilisikia sifa za nyumba zake za mawe na milango yake ya nakshi, na isitoshe nilijiona mkwe mwema, nampeleka mama karibu na kwao.

Tulibishana siku tatu, na hakuna kati yetu aliyemgeukia Bi Mwanahawa. Siku ya tatu akasema mwenyewe, macho yake kwenye ukili, "Bagamoyo mie sijawahi kufika."

Ni hayo tu. Nami nikacheka, nikamwambia Bagamoyo haihami, kwanza tukaone nyumbani. Akaendelea kusuka. Mwanangu, mtu mzima anayeishi chini ya paa la mkwewe hakwambii "sitaki". Hukwambia kwa upande, na ukiwa na masikio utasikia. Mimi nilikuwa na ulimi, masikio sikuwa nayo.

Basi la kusini lilituchukua siku mbili, na Rufiji tukavuka kwa pantoni. Njia nzima mama hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Nikadhani ni vumbi na mitikisiko. Tulifikia kwa ndugu wa rafiki yangu wa kazini, na asubuhi yake nikawatoa matembezi. Nilitangulia mbele, nikiwaonyesha hiki na kile, mji ambao mimi mwenyewe nimeuona jana! Jua lilipopanda nikaona mti mkubwa wenye kivuli kizito, upepo unapita taratibu. Nikatandika mkeka. Salma akatoa chapati na samaki wa kukaanga.

"Karibu, mama. Hapa pazuri," nikasema.

Hakukaa. Alisimama pembeni ya mkeka, kashika ncha ya kanga yake, akiutazama mti kuanzia shinani kwenda juu, kisha macho yakakoma kwenye tawi moja. Nikarudia kumkaribisha. Ndipo akasema, kwa sauti ileile aliyozoea kuombea maji ya kunywa:

"Baba, hapa ndipo Wadachi walipomnyonga mume wangu."

Nikaliweka tonge chini. Nikamgeukia Salma anieleze, maana baba yake alikufa kitandani kwa maradhi, na kaburi lake tunalijua. Nikamwona mke wangu naye mdomo wazi, uso umemsawijika. Hakuwa akijua. Mtoto wa kumzaa, miaka yote hiyo, hakujua kwamba mama yake aliwahi kuwa na mume mwingine.

Akatueleza akiwa amesimama vilevile. Alikuwa na miezi minne tu katika ndoa vita vya Maji Maji dhidi ya hao Wajerumani vilipozuka. Mumewe akakamatwa pamoja na wenzake, wakaletwa Kivinje, na wake zao waliowafuata wakasimamishwa mbele ya mti, wakalazimishwa kutazama. Jina lake Athumani. Maiti hakupewa azike. Tangu siku ile hakuukanyaga tena mji huo, na jina hilo hakulitamka hata mbele ya mume wake wa pili, kwa kumstahi.

Nikaukunja mkeka. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, kisha, kwa ujinga wangu, nikamuuliza mbona hakunikataza.

"Ungeniuliza, ningekwambia," akasema.

Hayakuwa na hasira ndani yake maneno hayo, na ndiyo maana yalinichoma. Akainua mikono akasoma Fatiha, sisi nyuma yake, kisha akaomba arudishwe Temeke. Basi la kurudi tulilingoja siku tatu. Alizimaliza chumbani, kaelekeza uso ukutani, Salma ubavuni pake akimuuliza habari za Athumani, naye akimjibu kidogo kidogo. Mimi nilikaa nje. Hakuna aliyenifukuza. Mlango wa nakshi sikuutazama hata mmoja.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mji unaousifu wewe kwa kuta zake, mwenzio huenda aliuona siku iliyomvunja moyo, naye hatakwambia kama hukumpa nafasi. Jana nimewasikia wewe na mkeo mkibishana wapi mkapumzike sikukuu hii, Bagamoyo au Kilwa, na mama yenu yupo papo hapo anachambua mchele. Hakuna aliyemuuliza. Basi nenda kamuulize, mwanangu, na usimuulize huku umeshaamua. Kaa chini, ungoje jibu. Likija kwa upande, lifuate hukohuko lilikoelekea. Wema unaomfanyia mtu bila kumuuliza waweza kuwa msumari juu ya kidonda, na wewe usijue mpaka umeshaugongomea.

Mola akujalie masikio mapana kuliko ulimi wako. Akufungulie njia popote mtakapoelekea, na yule unayemchukua safarini arudi nyumbani akikuombea dua. Amina.