Spidiloda ya Matundu Matano

Jamani, nilishaapa kwamba habari hii sitaisimulia kwa mdomo wangu, lakini kwa kuwa pale Ngombezi kila mtu anaisimulia anavyotaka yeye (wako wanaosema nilimpiga risasi mbuzi, na siku ile hakukuwa na mbuzi hata wa dawa), bora niitoe mwenyewe ikiwa nzima, mcheke mara moja tuyamalize.

Mimi ni mkuu wa walinzi kwenye shamba la mkonge. Tuko wanane. Saba wana virungu na filimbi, mimi nina bastola, ile ya kizamani yenye silinda inayozunguka, niliyorithi kazini kutoka kwa marehemu Mzee Mbelwa aliyekuwa mkuu kabla yangu, na ambayo kwa miaka tisa nimeivaa kiunoni kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Kila nikiingia zamu nasaini daftari: bastola moja, risasi tano. Hizo tano zikumbukeni, maana ndizo zilizonimaliza.

Mambo yalianza Jumatatu ofisini. Meneja wetu mpya, mama mmoja mpole wa maswali mafupi, alikuwa amemwita jamaa wa kampuni moja ya ulinzi ya mjini, mwenye tai na kabrasha lenye picha, na nia ilikuwa wazi kabisa: kama kampuni ingechukua lindo, sisi wanane tulikuwa tunarudi nyumbani kulima. Yule jamaa akaniangalia kiunoni (na siku ile kiuno kilikuwa kitupu, bastola ilikuwa kituo cha polisi kwa uhakiki wa kila mwaka) akasema kwa upole wa kuudhi, "Mama, bastola hizi za kuzunguka ni nzuri kwa kumbukumbu. Huyu akishamaliza risasi zake, mpaka atie nyingine moja moja, mwizi ameshakula na kunawa mikono."

Meneja akanigeukia. "Ni kweli, Afande Mhina?"

Hapo, ndugu zangu, ningesema "ni kweli mama," nadhani tungeongea mengine. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama Shemdoe, mlinzi mwenzangu wa kutoka Bungu, ambaye binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza, na nilimsikia akivuta pumzi. Mdomo ukafunguka wenyewe. "Hapana mama. Sisi tuna spidiloda."

Spidiloda nilikuwa nimeiona kwenye simu tu. Ni kidude cha duara, kinashika risasi zote kwa pamoja, unakielekeza kwenye silinda, unazungusha kifundo, zinaingia zote kwa mkupuo. Meneja akatabasamu, akasema basi Jumamosi bastola ikirudi tuonyeshwe, mbele ya polisi na mbele ya huyu mgeni. Shemdoe tulipotoka akanishika mkono, macho yanameta. "Afande, kumbe tunayo! Mbona hukuwahi kutuambia?" Nikamwambia mambo ya silaha hayasemwi ovyo.

Nikaanza kuitafuta. Korogwe mjini nilizunguka mpaka kwa wauza vipuri vya baiskeli (usinicheke, mtu akizama hushika hata jani), kisha nikapata namba ya duka la silaha Tanga, nikapiga. Mtu wa dukani akaniuliza maswali matatu: bastola ya aina gani, risasi zake za unene gani, na silinda ina matundu mangapi. Nikamwambia alete yoyote. Akacheka. "Mzee wangu, hizi si kofia za kuazimana. Ya matundu matano haiingii kwenye ya sita, na hata mbili za sita, kama risasi hazilingani unene hazipokezani. Halafu mimi hapa sina hata moja, siku hizi wateja wanaulizia bastola za magazini. Kuagiza ni wiki kadhaa, na ulete barua." Wiki kadhaa, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa!

Ndipo mlinzi wetu mmoja akanitajia Mzee Sempombe wa Handeni, aliyewahi kuongoza wawindaji enzi zake. Ijumaa asubuhi nikapanda gari la Handeni. Nilimkuta mzee barazani akimenya mihogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti, umetoka na njaa?"

Nilimweleza shida yangu (ila ule uongo niliuruka). Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa la zamani, akalimimina juu ya mkeka: spidiloda tatu, safi, zimepakwa mafuta. Moja ndogo ya matano, mbili za sita. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamtajia risasi zetu, akasema vizuri, hii ya sita ya risasi nene haikufai, zimebaki mbili. Kisha akauliza, "Bastola yako ina matundu mangapi?"

"Matano, mzee."

"Una hakika?"

"Mzee, mimi naivaa mwaka wa tisa huu!"

Akanitazama kidogo, akanipa ile ya matano, na mihogo juu.

Usiku ule mke wangu aliniona nikifanya mazoezi na gunzi la hindi, nachomeka, nazungusha, naachia, nachomeka, nazungusha, naachia. Akasema, "Baba Zaina, hilo gunzi limekukosea nini?" Nikachomeka tena. Nilijiona niko tayari.

Jumamosi tukakusanyika nyuma ya korona, kiwanda chetu cha kuchakata mkonge, mbele ya kichuguu kikubwa cha udongo ambako debe liliwekwa. Wafanyakazi walikuwa wamesimamisha kazi, kinamama wa kuanika mkonge wamekaa pembeni na kanga zao kichwani, meneja yupo, mwenye tai yupo. Askari polisi akanikabidhi risasi kumi. Tano nikazipanga kwenye spidiloda, zikakaa barabara kabisa, nikaitia mfukoni. Bastola ilibaki mkononi mwake mpaka niliposimama kwenye mstari, akaikagua, akanipa. Nikatia tano za kwanza kwa vidole, kama siku zote, nikaruka tundu moja, kama siku zote, na wala akili haikunigutusha!

Nikapiga. Nne zikatoboa debe. Watu wakashangilia, Shemdoe akapiga filimbi. Nikatoa maganda kwa madaha, nikachomoa spidiloda kama mganga anayetoa dawa, nikaielekeza kwenye silinda na kusukuma.

Ikagoma.

Nikaangalia. Matundu sita yananitazama. Sita! Mzee Mbelwa, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo, ili bastola ikianguka isije ikafyatuka, na mimi nilifanya hivyo miaka tisa, nikasaini tano miaka tisa, mpaka la sita likafutika kichwani mwangu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akasema imegoma. Mimi nikaona haya, nikazungusha kifundo nikidhani zitajipanga zenyewe. Moja ikaingia. Nne zikamwagika.

"Mwizi ameshanawa," nikamsikia mwenye tai akisema, na kinamama wakaangua kicheko.

Miguu ilitaka kukimbia, nawaambia kweli. Lakini risasi zikiwa chini kuna watoto wa kambi ya wafanyakazi wanaopita pale kila siku, hilo hata Mzee Mbelwa hakuhitaji kunifundisha. Nikaitoa ile moja, nikamkabidhi askari bastola ikiwa wazi, nikapaza sauti: "Kila mtu arudi nyuma! Asiokote mtu!" Nikapiga magoti, nikahesabu. Ile ya mkononi, moja, mbili, tatu chini. Nne. Moja haipo.

Tulitafuta saa nzima. Nilitambaa juu ya nyasi kwa magwanda niliyopigiwa pasi, jua la Korogwe mgongoni, mwenye tai akatazama saa yake akasema, "Mama, risasi moja tu, tuendelee." Nikamwambia haondoki mtu. Shemdoe akapiga magoti karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Afande, spidiloda tulikuwa nayo kweli?" Nikasema, "Hapana. Nilidanganya." Aliendelea kupekua nyasi, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Niliposimama kunyoosha mgongo nikahisi kitu kigumu kwenye kifundo cha mguu. Risasi ilikuwa imetumbukia kwenye buti langu! Ikabidi nivue buti hadharani, na soksi (jamani, nilikuwa na haraka asubuhi ile) ilikuwa na tundu, kidole gumba kikawasalimia wote. Bibi mmoja akasema, "Hilo ndilo tundu la sita!" Hata askari alicheka.

Jumatatu meneja akaniita. Nikamweleza yote, kuanzia uongo. Akasikiliza, akasema lindo linabaki kwetu wanane. "Yule alitaka kuondoka risasi ikiwa haijaonekana," akasema. "Wewe ulitambaa." Nikafungua mdomo nishukuru, akaongeza, "Lakini bastola, Afande Mhina, kuanzia leo ataibeba Shemdoe. Yeye ameshayahesabu matundu yake." Mimi sasa nabeba kirungu, ambacho hakina tundu hata moja.

Nilirudi Handeni kurudisha amana ya watu. Mzee Sempombe alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akaiokota ile spidiloda ya matundu sita, ambayo siku ile ilikuwa imelala mbele ya magoti yangu, akaizungusha vidoleni. "Nilikuuliza matundu," akasema, "ukanijibu risasi." Akaniwekea mihogo mingine.

Tangu hapo nikiulizwa kitu, hata kama nakijua usingizini, nasema "ngoja nikaangalie." Mke wangu ameshachoka, ananiuliza kama nataka chai, namjibu ngoja nikaangalie. Na Shemdoe, ambaye wiki nzima hakunisemesha zaidi ya salamu, alipotoka likizo Bungu alinikuta getini, akanitupia kifurushi cha gazeti, akaenda zake kusaini daftari. Ndani mlikuwa na soksi nyeusi, mpya. Nikazikagua zote mbili kwanza, mpaka kwenye vidole, ndipo nikavaa.