Mguu Usiolalamika

Nilianguka kutoka kwenye mkarafuu, kama wanavyoanguka watu wa Pemba kila msimu, na anguko lenyewe silihadithii kwa sababu halina cha ajabu. Tawi lilikatika, nikaja nalo chini. Ninachokisikitikia mpaka leo ni mguu wangu wa kulia, ambao sote tulisema umesalimika.

Mfupa wa mgongo uliovunjika uliubana uti upande wa kushoto. Mguu wa kushoto ukalegea, ukawa wa kuburutwa. Wa kulia ukabaki na nguvu zake, na baada ya miezi, kwa mkongojo na mguu huo mmoja, niliweza kutoka kwangu Tibirinzi mpaka msikitini nikasimama kwenye safu pamoja na wenzangu. Sikuwa na mwengine wa kunisimamisha. Ukienda huo, kusimama kumekwisha.

Daktari alikuwa amenipima kwa sindano. Akiuchoma mguu mlegevu, naruka. Akiuchoma ule wenye nguvu, nasikia ananigusa, basi. Nikamwambia labda amekosea mguu. Akacheka, kisha akatueleza mimi na mke wangu bila haraka. Habari zote za mguuni, alisema, hupanda kwenda kwenye ubongo kwa kupitia uti wa mgongo, ila hazishiki njia moja. Habari ya kuguswa hupanda upande ule ule ilikotoka, mpaka karibu na kichwa ndipo ivuke. Habari ya maumivu na ya joto huvuka mapema, ikishaingia tu kwenye uti, halafu ikapanda kwa upande wa pili. Mimi nimeumia kushoto. Basi maumivu ya mguu wa kulia yakishavuka yanakuta njia imefungwa.

"Huu wa kulia ndio wa kuuchunga," alisema. "Utazameni kila siku kwa macho. Wenyewe hautasema."

Tulimfahamu vizuri, na wiki za mwanzo tuliutazama. Lakini mtoto anayelia ndiye anayebebwa. Mke wangu akinikanda kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, mguu wa kushoto ulichachamaa, nami nikampigia kelele, naye akanijibu, "Tulia bwana, moto ndo dawa yake." Ule wa kulia aliupangusa tu. Nikitawadha, maji yalikuwa ya baridi kushoto, na kulia yalikuwa maji tu, hayana baridi wala joto. Nililifanyia mzaha jambo hilo mbele ya wageni, nikajisifu kuwa nina mguu usiojua kipupwe. Kuutazama kukawa siku tukikumbuka.

Nilikuwa nikienda kwenye mazoezi ya viungo mjini Chake Chake kwa bodaboda. Dereva, jirani yetu mwenye wajukuu, aliuinua mguu wangu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka mahali pake taratibu kama anaweka trei ya mayai. Wa kulia nilijipandishia mwenyewe. Na kulia ndiko liliko bomba la moshi la pikipiki. Nusu ya watu ninaowajua wana kovu lake. Siku moja kikoi kilipanda, na shavu la mguu likaliegemea bomba njia nzima. Nilisikia kitu kimenigusa. Hilo lilinifikia sawasawa. Nikadhani ni mfuko wa nguo zangu, nikaendelea kuzungumza na dereva habari za bei ya karafuu.

Siku chache baadaye mke wangu aliona doa akifua kikoi. Akaja na mikono yenye povu, akanifunua mguu. Kidonda kilikuwa juu ya pale maji ya udhu yanapoishia, kipana, kimeshaanza kutunga usaha.

"Hii n'ni hii? Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia n'ni, nami sijui?"

Akakaa chini akalia, na mimi mwenye mguu nikabaki namtazama, sina hata cha kugunia. Nilimwonea huruma, nikaona haya pia.

Hospitali wakaniosha, wakanifunga bendeji, wakaniambia nilale, nisiukanyage. Mtu mwenye kidonda kinachouma hupumzika bila kuambiwa. Mimi hakuna kilichoniuma, na wenzangu walikuwa msikitini, basi nikatoka, leo na kesho, kila mara nikiapa ni mara hii tu. Kidonda kikachimba mpaka mfupani. Wakaukata chini ya goti. Huu mlegevu, uliopigiwa kelele zote zile, ndio niliobaki nao, na hauwezi kunibeba.

Sasa naswali juu ya kiti, mwisho wa safu. Watu wema hunijia baada ya sala wakanipa mkono, wakasema nishukuru, maana mguu umeoza mpaka umekatwa na sikuonja maumivu hata kidogo. Wanasema kweli, na kushukuru ni wajibu, kwa hiyo naitikia alhamdulillahi. Lakini wakishaondoka moyo huniuma. Lau ningeungua siku ile kama wanavyoungua watu, nikapiga ukelele mmoja tu pale barabarani, dereva angesimama, nami leo ningekuwa nimesimama.